Sura ya Saba: Kisigino, Vidole na Noti Iliyo Kati

Pedali ya kuongeza na kupunguza sauti ikikosea kidogo, jukwaani hakuna anayejua. Ulitaka sauti yote, ukapata asilimia 96, wimbo unaendelea. Pedali ya wah nayo husamehe, maana sikio halina kipimo kamili cha ukali wa sauti. Pedali inayopandisha na kushusha noti haisamehi.

Chukua A ya hezi 220, ile iliyopo kwenye uzi wa tatu, freti ya pili. Seti pedali ipandishe oktavu moja. Vidole vya mguu vikifika chini kabisa, unatakiwa usikie hezi 440. Kama pedali inaishia kwenye asilimia 96 ya safari yake, utapata takriban hezi 428. Mpiga kinanda akiwa ameshika A yake ya 440, sauti hizo mbili zitagongana mara 12 kila sekunde, na mlio huo wa kutetemeka utasikika hadi kwa muuza chapati aliye nje ya geti. Hakuna atakayesema kwamba pedali haijasawazishwa. Watasema mpiga gitaa hajui kutuni.

Kosa hili lina hesabu yake. Mwaka 1885 Mwingereza Alexander Ellis aliigawa oktavu katika senti 1200, kila nusu toni ikiwa senti 100, na mpaka leo hicho ndicho kipimo cha tyuna zote, hata zile za kwenye simu. Asilimia 4 ya senti 1200 ni senti 48, karibu nusu ya nusu toni. Pedali hiyohiyo, yenye ubovu uleule, ukiiseti ipandishe toni moja tu ya senti 200, kosa linakuwa senti 8, na si wengi watakaoligundua katikati ya wimbo. Ukiiseti kwa oktavu mbili, kosa linafika senti 96, yaani umepiga noti nyingine kabisa. Ndiyo maana mpiga gitaa anaweza kukaa na pedali mbovu mwaka mzima bila kujua, kisha siku anayojaribu oktavu akadhani imeharibika siku hiyohiyo.

Nimeandika sura hii nikiwafikiria wapiga gitaa wa Jinja na Mbale, na nina sababu. Mashariki mwa Uganda noti inayoteleza si kitu kigeni. Anayepiga endingidi, kile chombo cha uzi mmoja kinachopigwa kwa upinde, hana freti. Vidole vyake hugusa uzi peke yake bila kuukandamiza kwenye mti, na noti hupanda na kushuka kama anavyotaka. Wasikilizaji wa Busoga wamekua na sauti hiyo. Redio nazo zilileta rumba ya Kongo, na humo alikuwemo Dr Nico, ambaye miaka ya 1960 alilaza gitaa kwa mtindo wa Hawaii na kuzitelezesha noti mpaka zikaimba. Kwa hiyo kijana wa Bugembe kule Jinja au Namakwekwe kule Mbale anapokanyaga pedali na gitaa likapanda polepole kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto, hadhira yake haishangai. Inasubiri kuona kama atatua mahali sahihi.

Pedali iliyoutangaza mtindo huu duniani ni Whammy ya kampuni ya DigiTech, iliyotoka mwaka 1989. Aliyeipa jina kubwa zaidi ana damu ya Afrika Mashariki: Tom Morello wa kundi la Rage Against the Machine, ambaye baba yake, Ngethe Njoroge, alikuwa mwanadiplomasia wa Kenya. Katika albamu ya kwanza ya kundi hilo, mwaka 1992, Morello alilitumia kanyagio lile kuruka oktavu kwa ghafla, na vijana waliozoea solo za vidole vingi wakasikia solo ya mguu. Sikiliza solo hizo kwa makini. Kila anapotua, anatua kwenye noti yenyewe. Ule ukali wote ungekuwa kelele tupu kama kisigino na vidole vyake visingekuwa na mipaka iliyosetiwa vizuri.

Sasa tuifungue pedali. Toa skrubu nne za chini kwa bisibisi ya nyota, uinue bamba. Katika nyingi ya aina hizi utakuta kitu kimoja tu cha maana: potenshomita, sawa na ile iliyo nyuma ya kitufe cha sauti cha redio. Ina miguu mitatu. Kati ya mguu wa kwanza na wa tatu umelazwa mkanda mwembamba wa kaboni wenye ukinzani usiobadilika, mara nyingi omu 10,000 hadi 50,000. Mguu wa kati umeunganishwa na kidole cha chuma kinachotembea juu ya mkanda huo. Kanyagio linaposhuka, meno ya plastiki huzungusha mhimili, kidole kinatembea, na volti inayotoka mguu wa kati inapanda. Pedali ya aina hii, inayoitwa pedali ya ekspresheni, haibebi sauti ya gitaa hata kidogo. Inabeba volti tu, habari ya mahali mguu ulipo.

Ndani ya mashine ya noti, ile inayopandisha na kushusha, kuna kigeuzi kinachoisoma volti hiyo na kuiandika kama namba. Tuseme namba zake ni 0 hadi 1023. Hapa ndipo penye shina la jambo. Potenshomita huweza kuzunguka karibu nyuzi 300, ila kanyagio halina nafasi ya kuizungusha kiasi hicho. Linaizungusha sehemu tu, kisha linagonga mpira wa juu au wa chini. Kwa hiyo kisigino kikiwa chini kabisa, mashine haisomi 0. Huenda ikasoma 37. Vidole vikiwa chini kabisa haisomi 1023, huenda ikasoma 968. Na pedali nyingine ya kiwanda kilekile, iliyotoka siku ileile, itasoma 52 na 941. Kusawazisha ni kuiambia mashine: 37 ndiyo sifuri yako, 968 ndiyo mwisho wako, kila kilicho kati ukigawe sawasawa.

Watu wengi hujali mwisho wa juu wakasahau wa chini, na mimi naona wa chini ndio hatari zaidi. Ukikosea kule juu, unakosea pale tu unapokanyaga mpaka mwisho. Ukikosea kwenye kisigino, kila noti unayopiga pedali ikiwa imewashwa inakuwa juu ya tuni, hata usipoigusa. Asilimia 2 ya oktavu ni senti 24. Gitaa lako limetuniwa vizuri, tyuna inaonyesha kijani, na bado huelewani na besi. Bendi nyingi zimegombana kwa senti 24 zilizotoka chini ya kiatu.

Kabla ya kuseti chochote, hakikisha pedali na mashine zinaelewana. Plagi ya pedali ya ekspresheni ina sehemu tatu: ncha, pete na shina. Kampuni za vyombo hazikukubaliana juu ya mpangilio. Kwa Roland na wengi wanaoifuata, volti ya mguu wa kati hurudi kupitia ncha. Kwa Yamaha na Korg hurudi kupitia pete. Ukichanganya pedali ya upande mmoja na mashine ya upande mwingine, kanyagio litafanya kazi kwa kipande kifupi kisha litakufa, au noti itaruka yote karibu na mwisho wa safari. Mtu huanza kusawazisha tena na tena, na kila mara anapata ubovu uleule, kwa sababu hakuna usawazishaji unaotibu waya zilizopishana. Baadhi ya pedali, kama EX-P ya M-Audio, zina swichi ndogo ya kubadilisha mpangilio, itazame kwanza.

Kama pedali haina jina wala karatasi, na nyingi zinazofika kwetu zimeshapita mikono kadhaa, chukua mita ya fundi. Iweke kwenye omu, chomeka kebo kwenye pedali, kisha gusa sehemu za plagi mbilimbili huku ukisogeza kanyagio juu na chini. Kuna jozi moja ambayo namba yake haibadiliki hata ukanyage vipi. Hizo ni ncha mbili za mkanda wa kaboni. Sehemu iliyobaki nje ya jozi hiyo ndiyo mguu wa kati. Ni kazi ya dakika chache, na ina faida nyingine: sogeza kanyagio polepole sana ukitazama namba za jozi mojawapo inayobadilika. Zikipanda kwa utulivu, mkanda ni mzima. Zikirukaruka mahali pamoja, pana uchafu au pamechubuka, na hapo ndipo noti yako itakapokohoa katikati ya mtelezo.

Kebo nayo ina lawama zake. Ile ya kawaida ya gitaa ina ncha na shina tu. Ukiitumia kuunganisha pedali ya ekspresheni, shina lake litagusa pete ndani ya tundu, na sehemu mbili zilizotakiwa kuachana zitakuwa kitu kimoja. Mashine itasoma sifuri, au namba moja isiyosogea. Kebo hizi mbili zikiwa zimelala pamoja kwenye begi, gizani, zinafanana. Funga utepe wa rangi kwenye ile ya pete.

Halafu umeme. Uganda tunatumia volti 240, Marekani 120, na adapta iliyoletwa na ndugu kutoka Boston huungua siku ya kwanza kama haikuandikwa kwamba inapokea zote mbili. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua wengi ni kwamba Whammy za zamani, hadi toleo la nne, hutaka volti 9 za umeme wa mkondo unaogeuka, sio ule wa moja kwa moja ambao pedali karibu zote nyingine hutumia. Toleo la tano la mwaka 2012 ndilo lililohamia kwenye volti 9 za kawaida. Plagi huweza kuingia vizuri tu, na usipate kitu, au ukapata hasara. Soma maandishi madogo yaliyo chini ya pedali kabla ya kukubali adapta ya kuazima.

Umeme ukiyumba, je, mipaka inahama? Inategemea jinsi mashine ilivyoundwa. Kama volti inayopelekwa kwenye potenshomita na volti ambayo kigeuzi hupimia zinatoka chanzo kimoja, zinashuka pamoja, na namba inabaki ileile. Kama zinatoka sehemu mbili, basi jenereta likizidiwa, mwisho wa safari yako unahama bila wewe kufanya kosa lolote. Kuna njia ya kujua: sawazisha nyumbani, kisha ukiwa kwenye jenereta weka vidole chini kabisa na utazame tyuna. Pedali inayohama isawazishwe pale itakapopigiwa, baada ya taa zote za jukwaa kuwashwa, si kabla.

Sasa kazi yenyewe. Kila kampuni ina njia yake ya kuingia kwenye usawazishaji. Nyingine hutaka ubonyeze swichi ya mguu huku unachomeka umeme na uishikilie mpaka taa zibadilike; nyingine zina ukurasa wake kwenye skrini. Ukishaingia, maombi ni mawili: kisigino chini, thibitisha, vidole chini, thibitisha. Mashine za Boss zenye kanyagio huongeza la tatu, kiasi cha nguvu kinachohitajika kuamsha swichi iliyofichwa chini ya vidole.

Maelekezo ni mafupi, na ufupi wake ndio unaowaponza watu. Mtu huchuchumaa, huweka pedali mezani, huikandamiza kwa mikono miwili, huthibitisha, hufunga. Mikono miwili ina nguvu ambayo mguu hautaitumia katikati ya wimbo. Plastiki hupinda, mpira wa chini hubonyea, na mashine huandika 975 badala ya 968. Jioni, amesimama, mguu wake unafika 968 na kuishia hapo. Tofauti ya hatua 7 katika safari ya hatua zipatazo 930 ni karibu senti 9 kwa oktavu moja, na senti 18 kwa oktavu mbili. Kwa hiyo simama. Vaa kiatu utakachopigia, au vua kama unapiga pekupeku. Weka pedali kwenye sakafu inayofanana na ya jukwaa. Mbao zinazobonyea na saruji havitoi jibu moja. Mwisho wa juu ukanyage kwa uzito wa kawaida wa mguu, mpaka uhisi kanyagio limegonga, kisha legeza kidogo sana kabla ya kuthibitisha. Kisigino nacho vilevile: rudisha mpaka mwisho, achia upana wa unywele, thibitisha.

Kule kulegeza kidogo ndiko kunakotenganisha usawazishaji wa karatasi na wa jukwaani. Unatengeneza ukingo mdogo wa usalama kila upande, asilimia moja au mbili, ambamo mguu unaweza kutikisika bila noti kutikisika. Ukiuacha mwisho uwe mwisho kabisa, joto likitanua plastiki kidogo au mpira ukichakaa, hutaifikia noti yako tena. Ukizidisha ukingo nao utaulipia: mguu utasogea mwanzoni na gitaa lisiitike, na mteremko ule mtamu wa polepole utaanza kwa kushtuka. Mimi hupenda ukingo mpana zaidi kwenye kisigino kuliko kwenye vidole, kwa sababu kisigino ndiko mguu unakopumzika muda mrefu.

Baada ya hapo ipime kwa sikio. Piga A ya 220, mwambie wa besi au wa kinanda ashike A yake, shusha vidole mpaka mwisho. Usikie mgongano ukipungua, ukipungua, mpaka usimame. Usiposimama, rudia. Tyuna ya simu husaidia, ila sikio lina kasi kuliko skrini, na usiku wa shoo ndilo utakalokuwa nalo.

Katikati ya safari kuna mambo ambayo usawazishaji hauyagusi, na inafaa uyajue usije ukahangaika nayo. Mashine nyingi hugawa oktavu kwa senti, kiasi kwamba nusu ya safari ya mguu ni senti 600, yaani nusu toni sita. Zikigawa kwa hezi, nusu ya safari kutoka 220 kwenda 440 ni 330, ambayo ni E, kwinti safi, senti 702. Kanyagio ni lile, mahali pa mguu ni pale, noti ni nyingine. Potenshomita ya logi badala ya ya mstari hubadilisha hesabu hiyo pia; nyingi za siku hizi huandikwa B kwa ya mstari na A kwa ya logi, na fundi akikubadilishia, mwonyeshe herufi ya ile ya zamani. Kuna na suala la ngazi. Mashine inayopokea habari ya mguu kwa njia ya MIDI huwa na namba 128 tu, 0 hadi 127. Oktavu moja ikigawanywa hivyo, kila ngazi ni senti 9 na kidogo. Oktavu mbili, karibu senti 19. Ukiteleza haraka husikii kitu. Ukiteleza polepole, utazisikia ngazi zikipandwa moja moja, na hakuna kusawazisha kutakakozilainisha.

Noti nene huchelewa kuitika, na uvivu huo nao una sababu yake. Uzi wa sita ukiwa wazi hutetemeka mara 82 na kidogo kwa sekunde, yaani mtetemo mmoja huchukua milisekunde 12. Mashine haiwezi kuijua noti kabla ya kuona angalau mtetemo mmoja mzima. Solo za kuruka zipige kwenye nyuzi nyembamba.

Tufike sasa kwenye jambo ambalo vitabu vinavyokuja na pedali haviwezi kukwambia. Viwanda vinadhani muziki wote una nusu toni 12. Busoga si hivyo. Katika kijiji cha Nakibembe embaire, ile marimba kubwa ya mbao, hulazwa juu ya shimo lililochimbwa ardhini ili shimo liikuze sauti, na watu kadhaa hukaa pande zake mbili wakipiga kwa pamoja, kila mmoja akijaza mahali mwenzake alipopaacha. Nyege Nyege, ambao tamasha lao lilianza Jinja mwaka 2015, walitoa albamu ya kundi la Nakibembe mwaka 2023, na humo wamo pia Gabber Modus Operandi kutoka Indonesia. Mkutano huo una mantiki ya sauti. Tuni ya slendro ya Indonesia ina noti tano katika oktavu zilizoachana kwa umbali unaokaribiana, na eneo letu hili la ziwa lina tabia kama hiyo. Klaus Wachsmann, aliyekuwa mtunzaji wa Makumbusho ya Uganda, aliandika mwaka 1950 katika jarida la Nature juu ya kinubi cha Kiganda chenye hatua zilizo sawa. Gawanya 1200 kwa 5: kila hatua ni senti 240. Gitaa lina 200 na lina 300. Hiyo 240 halina.

Pedali ya noti inayo, mradi uisawazishe kwa nia. Chagua mashine inayokuruhusu kuchagua idadi ya nusu toni, uiseti ipandishe tatu, senti 300. Sawazisha kawaida, kisigino na vidole. Kisha tafuta kipande cha mpira wa tairi au wa soli ya kandambili, ukiweke chini ya kanyagio upande wa vidole, ili mguu uzuiwe kwenye asilimia 80 ya safari. Asilimia 80 ya 300 ni 240. Kwa hatua mbili za embaire, senti 480, seti nusu toni tano na uzuie kwenye asilimia 96. Kwa hatua tatu, 720, seti nane na uzuie kwenye 90. Kama mashine ina ukurasa wa kupanga mwanzo na mwisho wa ekspresheni kwa asilimia, andika 80 humo na mpira hauhitajiki. Lakini mpira una raha yake, mguu unauhisi.

Hizo namba ni pa kuanzia tu. Embaire hazitoki kiwandani. Anayeitengeneza huchonga ubao, hugonga, husikiliza, huchonga tena: akipunguza mbao katikati upande wa chini, noti inashuka, akipunguza kwenye ncha, inapanda. Anasimama pale sikio lake na la wenzake linaporidhika, na kila seti hutoka na tabia yake. Hatua moja inaweza kuwa pana kidogo kuliko jirani yake. Kwa hiyo nenda na gitaa, omba ugongewe ubao mmoja kisha wa juu yake, mara nyingi, maana mti hauimbi muda mrefu na tyuna ya simu huchanganyikiwa na mlio unaokufa haraka. Ukisikia pedali inapita juu, ongeza unene wa mpira. Ikibaki chini, upunguze kwa wembe, tabaka kwa tabaka, ukikanyaga na kusikiliza. Wazee wanaopiga embaire watakuwa wakisikiliza pia, na watakwambia umefika kabla simu haijakwambia.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu nimewasikia wapiga gitaa wakiambiwa kwamba embaire haikutuniwa vizuri, kwamba ichongwe upya ilingane na kinanda. Chombo kile kilikuwa kwenye tuni yake kabla gitaa halijafika Jinja. Mwenye kanyagio linaloweza kwenda popote ndiye anayepaswa kusogea.

Kutoka Jinja kwenda Mbale ni kama kilomita 145, kupitia Iganga, Namutumba na Tirinyi. Pedali husafiri chini ya kiti cha taksi, juu yake magunia, chini yake bati linalotetemeka saa kadhaa. Skrubu za kanyagio hulegea, mpira wa chini huhama, meno ya plastiki huruka jino moja. Na msimu wa kiangazi vumbi jekundu huingia kila mahali. Ukifungua pedali iliyopiga safari hiyo mara nyingi utaliona: rangi ya matofali kwenye pembe za bamba, na mstari mweusi mwembamba juu ya mkanda wa kaboni pale kidole cha chuma kinapopita kila siku, kwa kawaida karibu na kisigino. Pulizia dawa ya kusafishia swichi, ile isiyoacha mafuta, zungusha mhimili mara nyingi mpaka mwisho wa pande zote, iache ikauke. Usitumie mafuta ya cherehani. Hubeba vumbi jingine. Kisha kaza skrubu na usawazishe tena, hata kama uliisawazisha asubuhi.

Mbale ina masikio yake. Kwenye vilima vya Nabugoye, jamii ya Kiyahudi ya Abayudaya na majirani zao wakulima wa kahawa wamekuwa wakiimba kwa gitaa, na Smithsonian Folkways walitoa nyimbo za wakulima hao mwaka 2013. Kuna litungu, chombo cha nyuzi cha Bamasaba, ambalo mpigaji hulikaza kulingana na koo la mwimbaji wa siku ile. Ukipiga naye, tuni gitaa lako kwake kwanza, ndipo uiguse pedali, la sivyo utakuwa unatafuta kwenye kanyagio kosa lililopo kwenye nyuzi. Na kila mwaka wa shufwa kuna Imbalu, sherehe ya jando, inayofunguliwa Agosti uwanja wa Mutoto, na ngoma za kadodi zinajaa barabara. Kadodi ikishaanza, hakuna sikio litakalopima senti 24. Chochote ulichotaka kukisikia, kisikie mapema, mchana, kabla uwanja haujajaa.

Kwa wale ambao mashine zao huonyesha namba za usawazishaji kwenye skrini, bandika utepe mweupe chini ya pedali uandike namba mbili za Jinja, kisha chini yake za Mbale. Safari chache zikipita, utaona mtindo. Namba ya vidole ikishuka kidogo kidogo, mpira unaliwa au skrubu inalegea, na kuna nafasi ya kununua vipuri kabla ya shoo kubwa. Namba ya kisigino ikirukaruka bila mpangilio, mkanda wa kaboni umekwisha pale. Potenshomita mpya yenye omu zilezile na herufi ileile ndiyo dawa, na fundi redio yeyote mwenye chuma cha kulehemu atakuwekea siku hiyohiyo.